Mlimau Ugenini

Msomaji wangu, kama umezaliwa pwani, au kama umewahi kukaa huko siku chache, hapana shaka umeuona mlimau nyuma ya nyumba. Husimama karibu na kisima, au pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, wala hauombi mengi. Mvua huunywesha, jua huukuza, na mama mwenye nyumba huchuma limau moja kwa ajili ya samaki wake bila kukumbuka siku mti ule ulipopandwa. Sijapata kusikia kwamba mtu wa Mombasa au wa Malindi alikesha usiku kucha kwa ajili ya mlimau.

Katika insha hii nataka kukupeleka mahali ambapo watu walikesha. Nataka uone jinsi mti huu huu tunaoudharau kwa kuuzoea ulivyotunzwa kwa karne nyingi katika nchi ambayo majira ya baridi huja kila mwaka na kutaka kuuua. Mambo haya hayakutendwa na wafalme wala majemadari. Yalitendwa na wakulima ambao majina yao mengi hayamo vitabuni. Hata hivyo ni historia, tena ni historia yenye swali ambalo sisi nasi yatupasa kulijibu.

Tuanze nyumbani. Tarehe 7 Aprili, mwaka 1498, merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga mbele ya Mombasa. Mabaharia wake wengi walikuwa wameugua kiseyeye, maradhi yanayovimbisha ufizi na kumwondolea nguvu mtu aliyekaa muda mrefu pasipo matunda wala mboga mbichi. Daftari la safari ile, lililoandikwa na mmoja wa wasafiri, lasema kwamba mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Urafiki ule haukudumu. Lakini walipokuwa wakirudi kutoka Bara Hindi, mwezi wa Januari 1499, Wareno hao walituma mtu nchi kavu huko Malindi awatafutie machungwa, maana wagonjwa wao waliyatamani mno. Angalia jambo hili vizuri: wageni hawakutuletea matunda haya, bali waliyakuta.

Wala sisi hatukuwa wa kwanza kuyapata. Wataalamu waliochunguza urithi wa miti ya jamii hii wanaona kwamba chimbuko lake ni miteremko ya kusini-mashariki ya milima ya Himalaya, yaani Assam katika Bara Hindi, kaskazini ya nchi iitwayo sasa Myanmar, na Yunnan katika Uchina. Mlimau wenyewe ni chotara. Mama yake ni mdanzi, ule mchungwa mchungu tunaoujua, na baba yake ni mti uzaao matunda makubwa yenye ganda nene na maji machache. Litie akilini jina la mdanzi, kwa sababu tutakutana nao tena.

Kutoka Asia mlimau ulisafiri magharibi, ukipita mikononi mwa wakulima na wafanya biashara wa Uajemi na Arabuni. Waislamu waliingia kisiwa cha Sicily mwaka 827, wakatawala huko kwa muda wa karne mbili na zaidi, wakaleta ufundi wa mifereji ya kumwagilia mashamba pamoja na miti ya jamii ya michungwa. Hata leo Mwitaliano huliita tunda hili limone, nasi twaliita limau. Maneno haya mawili ni ndugu, na nasaba yao yarudi katika Kiajemi na Kiarabu.

Sicily ni kisiwa chenye joto, na mlimau ulikaa huko kama mgeni aliyekaribishwa vizuri. Lakini watu hawakutosheka. Waliuchukua mbele zaidi, hata kaskazini ya Italia, chini ya milima ya Alps, ambako vilele huwa vyeupe kwa theluji. Huko liko Ziwa Garda, lililo kubwa kuliko maziwa yote ya Italia. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 370, na ukililinganisha na Ziwa Victoria utaona ni kidimbwi tu. Hata hivyo kina chake hufika mita 346, nacho chapita kina cha Ziwa Victoria zaidi ya mara nne. Mahali pale pako karibu nusu ya njia kutoka ikweta hadi ncha ya kaskazini ya dunia.

Ni nani aliyethubutu kupanda mlimau mahali kama pale? Mapokeo ya wenyeji yasema kwamba ni watawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko, katika karne ya 13. Mapokeo peke yake si ushahidi kamili, lakini katika mji wa Gargnano, kando ya ziwa, uko ua wa nyumba ya zamani ya watawa hao, na vichwa vya nguzo zake vimechongwa malimau na machungwa. Mchonga mawe hachongi asichokijua. Basi jiwe laitilia nguvu hadithi. Kinyume chake, kiko kijiji jirani kiitwacho Limone, na kila mgeni hudhani kwamba kilipewa jina kwa sababu ya malimau. Wataalamu wengi hawakubali. Wanaona kwamba jina lile ni la kale zaidi, na huenda latokana na neno la Kilatini lenye maana ya mpaka. Hapa pana funzo kwa mwanafunzi wa historia: neno linalofanana na jambo si lazima liwe limezaliwa na jambo hilo.

Sasa hapana budi tuelewe adui mwenyewe. Miti ya asili ya nchi za baridi, kama mtufaha na mpea, ina desturi ya kulala. Majani yake hupukutika, utomvu hutulia, na mti hungoja mpaka jua lirudi. Tena mtufaha usipopata baridi ya kutosha hauchanui vizuri. Mlimau haukufundishwa kulala. Huwa na majani mabichi mwaka mzima, na mara nyingi utaona ua, tunda changa na tunda bivu juu ya tawi moja. Kwa hiyo baridi inapokuja huukuta u macho, umejaa maji, wala haukujiandaa.

Wanafunzi wa Kinangop na Limuru wataelewa upesi, kwa maana wameiona jalidi, yaani umande ulioganda, ambayo asubuhi moja huyaacha majani ya viazi meusi kana kwamba yameunguzwa kwa moto. Maji yaliyo katika majani yanapoganda, zile chembe ndogo ambazo ndizo uhai wa jani hukauka na kupasuka. Ikiwa baridi itashuka digrii mbili au tatu chini ya sifuri kwa saa kadhaa, matunda na machipukizi ya mlimau huanza kuharibika. Ikishuka digrii tano au sita, matawi yenyewe hufa. Ukulima wa miaka ishirini waweza kupotea kati ya magharibi na mapambazuko.

Wakulima wa Garda walikuwa na marafiki wawili. Rafiki wa kwanza alikuwa ziwa lenyewe. Maji mengi yenye kina kirefu hupata joto polepole wakati wa kiangazi, na hulitoa polepole wakati wa baridi, hata upepo wa kando yake usiwe mkali sana. Rafiki wa pili alikuwa mlima, uliosimama nyuma yao kama ukuta na kuuzuia upepo wa kaskazini. Lakini marafiki hawa hawakutosha, ikawa lazima mikono ya watu itimize yaliyobaki.

Kwanza walikata ngazi katika mteremko, kama matuta tunayotengeneza katika milima yetu ili mvua isiuchukue udongo. Katika kila ngazi walijenga ukuta mrefu upande wa kaskazini, na kuta nyingine za kuziba pande mbili. Upande wa nne, unaotazama jua na ziwa, uliachwa wazi; hapo zilisimamishwa nguzo za mawe za pembe nne, ndefu, zimepangwa safu kama askari katika gwaride. Miti ilipandwa baina ya nguzo. Maji yaliletwa kwa mifereji kutoka vijito vya mlimani. Mtu atazamaye kutoka ziwani aliona kuta na nguzo zikipanda mlima, moja juu ya nyingine, akadhani ameona magofu ya hekalu lisilo na paa.

Mshairi mkuu wa Wajerumani, Goethe, aliliona jambo hili tarehe 13 Septemba, mwaka 1786. Alikuwa akisafiri kwa mashua tangu alfajiri, akapita mbele ya Limone, akaandika habari za bustani zile zilizopangwa kwa ngazi, na safu za nguzo nyeupe, na boriti zilizokusudiwa kulazwa juu ya nguzo ili miti ifunikwe wakati wa baridi. Kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Septemba, miti ilikuwa wazi. Laiti angalirudi mwezi wa Desemba, asingaliona miti hata kidogo. Angaliona nyumba.

Maana kila mwaka, Novemba ilipofika, kazi kubwa ilianza. Wanaume walipanda juu ya nguzo, wakalaza boriti kutoka nguzo hadi nguzo na kutoka nguzo hadi ukutani. Juu ya boriti walipanga mbao kuwa paa. Upande wa mbele walifunga mbao na milango ya vioo, ili mwanga upenye. Kisha walizunguka wakitafuta nyufa, na kila ufa ukazibwa kwa nyasi kavu, kwa sababu baridi, kama mwizi, haihitaji mlango mpana. Mwezi wa Machi, hatari ilipopita, kila ubao na kila kioo kilishushwa tena na kuwekwa katika ghala refu lililojengwa ubavuni mwa bustani. Hivyo kila mwaka walijenga nyumba, na kila mwaka wakaibomoa, si kwa ajili ya watoto wao, bali kwa ajili ya miti.

Usidhani kwamba miti ikiisha kufunikwa mkulima alikwenda kulala. Mti uliofungiwa gizani hudhoofika, na hewa isiyobadilishwa huleta ukungu na kuvu. Kwa hiyo siku za jua ilimpasa kufungua baadhi ya milango mchana, na kuifunga kabla jua halijazama nyuma ya mlima. Akichelewa kufungua, miti ilikosa hewa. Akichelewa kufunga, ilikosa joto.

Usiku wa baridi kuu ndio uliokuwa mtihani wake. Yasimuliwa kwamba mtunzaji aliweka bakuli la maji ndani ya bustani, akaja kulitazama mara kwa mara kwa mwanga wa taa. Hakuwa na kipimajoto cha zebaki. Bakuli lilikuwa kipimo chake. Maadamu maji yalitikisika, alingoja. Alipoona utando mwembamba wa barafu umeanza kufanyika juu yake, aliwasha moto uliokuwa umekwisha kuandaliwa katikati ya miti. Ilimpasa aulinde moto ule mpaka kulipopambazuka. Ukiwa mdogo mno, miti itaganda. Ukiwa mkubwa mno, nyumba ya mbao itaungua pamoja na miti yake. Fikiri, msomaji, juu ya mtu huyu. Nje ni giza, milima ni myeupe, mji wote umelala. Yeye amechuchumaa kati ya majani mabichi yanayonukia, analitazama bakuli la maji. Mahari ya binti yake, deni la nyumba yake na mkate wa mwaka ujao vimo ndani ya bakuli lile.

Kwa nini walijisumbua hivyo? Kwa sababu limau lilikuwa mali. Kaskazini ya Alps, katika Ujerumani, Poland na Urusi, hakukuwa na mlimau uliozaa nje, na watu walilitaka tunda hili kwa chakula na kwa dawa. Malimau yalisafirishwa kwa mashua mpaka mwisho wa kaskazini wa ziwa, kisha yakavushwa milima. Garda palikuwa karibu na wanunuzi hao kuliko Sicily, na katika siku za barabara mbaya ukaribu ulikuwa faida kubwa. Thamani ya tunda hili ilizidi kujulikana mwaka 1747, daktari Mwingereza wa Scotland aitwaye James Lind alipowajaribu mabaharia kumi na wawili wenye kiseyeye. Aliwagawa wawili wawili, akawapa dawa mbalimbali. Wale wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Mwaka 1795 jeshi la majini la Uingereza likaamuru maji ya limau yagawiwe melini. Kile walichokihitaji mabaharia wa Vasco da Gama mbele ya Mombasa kilikuwa sasa kimepata ushahidi wa majaribio.

Yafaa pia tutofautishe wakulima hawa na wakubwa wa zama zao. Wafalme nao walipenda miti ya jamii hii. Katika Versailles, Ufaransa, Mfalme Louis wa 14 alijengewa jumba la kuihifadhi michungwa wakati wa baridi, kati ya mwaka 1684 na 1686, lenye ukumbi wa urefu wa mita 150 na zaidi. Michungwa ilipandwa katika masanduku, ikaingizwa ndani majira ya baridi yalipokaribia na kutolewa yalipokwisha, na desturi hiyo ingaliko. Lakini mchungwa wa mfalme ukifa, mfalme hakosi chakula, huletewa mwingine. Mlimau wa Garda ulikuwa nguzo ya nyumba ya mtu wa kawaida. Wafalme walitunza miti waonekane wakuu. Wakulima waliitunza wapate kuishi.

Walielewa pia faida ya umoja. Mwaka 1840 wenye bustani wa Gargnano na jirani zao waliunda chama cha kuuza malimau yao pamoja, ili mnunuzi asiwachezee mmoja mmoja. Msomaji ambaye baba yake ni mwanachama wa chama cha ushirika cha kahawa au maziwa ataona kwamba hekima hii si ngeni kwake.

Hata hivyo, katika nusu ya pili ya karne ya 19, mambo yaligeuka. Kwanza uliingia ugonjwa unaotoa gundi katika shina la mti. Gome karibu na udongo huoza, gundi hutiririka kama machozi, na mti hufa. Wakulima walitafuta dawa, na dawa ikapatikana kwa mdanzi. Mizizi na shina la mdanzi huweza kuustahimili ugonjwa ule kuliko mlimau. Basi walianza kubebesha, yaani kuunganisha kichipukizi cha mlimau juu ya shina la mdanzi. Mlimau ulioumwa ulirudi kuegemea mgongo wa mama yake, ingawa wakulima wale hawakuijua nasaba hiyo ambayo sayansi imeithibitisha juzi tu.

Ugonjwa ulipata dawa, lakini bei haikupata. Mwaka 1861 ufalme mmoja wa Italia ulitangazwa, na Sicily na Garda zikawa chini ya serikali moja. Reli zikatandikwa, meli za moshi zikaongezeka. Malimau ya Sicily, yaliyozaliwa chini ya jua lisilotoza ada, yalifika sokoni kaskazini kwa bei ambayo mtu wa Garda hakuiweza. Yeye ilimbidi alipie boriti, mbao, vioo, mafundi wa Novemba, mafundi wa Machi, na kuni za Januari. Mwenzake wa Sicily hakulipia hata kimoja kati ya hivyo. Limau la Garda laweza kuwa lilikuwa zuri. Lakini mnunuzi sokoni haulizi nani amekesha.

Pigo jingine lilitoka maabarani. Tindikali ya limau, ambayo viwanda huitumia kwa vinywaji na kwa kazi nyinginezo, ilikuwa ikikamuliwa katika malimau yenyewe. Mwaka 1917 mwanakemia wa Marekani, James Currie, alionyesha njia ya kuipata kwa wingi kutoka kwa kuvu inayolishwa sukari, na baada ya miaka miwili kazi hiyo ilianza kiwandani. Tangu hapo viwanda havikuhitaji tena limau kama zamani.

Kati ya misiba hiyo vilikuja Vita Vikuu vya Kwanza. Italia iliingia vitani mwezi wa Mei 1915, na upande wa kaskazini wa Garda ndio uliokuwa mpaka wake na Austria. Vijana waliopanda juu ya nguzo kila Novemba walichukuliwa jeshini, na mbao na vioo navyo vikachukuliwa kwa mahitaji ya jeshi. Bustani nyingi zilikabili baridi zikiwa uchi. Mwisho ulikuja baridi ya mwaka 1929, ambayo watu wa Ulaya waliikumbuka kwa miaka mingi. Mwezi wa Februari mwaka ule jalidi iliua miti mingi iliyokuwa imesalia, na wengi wa wenyewe hawakuona faida ya kupanda mingine. Mwandishi Mwingereza D. H. Lawrence, aliyekaa Gargnano tangu mwaka 1912 hadi 1913, alikuwa amekwisha kuona bustani zilizoachwa, akaziandika katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1916. Nguzo zilisimama peke yake, bila boriti wala mti.

Siku hizi nguzo zile zingali zinasimama kando ya ziwa. Bustani chache zimefufuliwa. Katika Limone iko moja ambayo mji uliinunua na kuitengeneza, na wageni huingia kuitazama. Lakini wakulima waliokuwa wakiishi kwa limau hawako tena, na mtu apitaye barabarani huziona nguzo asijue zilikuwa za kazi gani.

Sasa naja kwenye swali nililokuahidi. Je, watu wale walishindwa?

Mtu mmoja aweza kusema: naam, walishindwa, tena walikuwa wajinga, kwa kuupanda mti mahali usipotakiwa na Mungu. Sikubaliani naye. Baridi haikuwashinda. Walipambana nayo kwa mamia ya miaka, wakalisha watoto wao na kuwaponya wagonjwa wa mbali. Kilichowashinda ni kupungua kwa malipo ya ule ukesha wao. Mtu mwingine aweza kusema: wangalizidisha bidii. Naye pia simkubali. Bidii yao haikupungua hata siku moja. Bei ndiyo iliyopungua. Nasi tusiende mbali kutafuta mfano. Mkonge wa Kenya uliwahi kuwa na soko kubwa, mpaka kamba za plastiki zilipokuja. Na pareto yetu ilipambana na dawa za wadudu zilizotengenezwa maabarani. Mkulima wa mkonge hakuwa mvivu kuliko baba yake.

Kwa hiyo, usomapo historia ya kitu chochote kilichositawi kisha kikaanguka, usiulize tu ni mfalme gani alikuwa akitawala. Uliza ni nani aliyekesha ili kitu kile kisimame, alilipwa nini, na ni siku gani malipo yale yalipokoma. Hapo utakuwa umeanza kusoma historia kwa macho yako mwenyewe.

Tena nina neno moja la kuungama. Nilipokuwa mwanafunzi wa ualimu, darasa letu lilipanda miche ya milimau nyuma ya bweni. Likizo ya Desemba ilipofika, tuliagana kwamba watakaobaki jirani na chuo watamwagilia maji kwa zamu. Mimi nilikuwa mmoja wao. Tuliporudi Januari, miche yote ilikuwa imekauka. Hakukuwa na jalidi, wala vita, wala ugonjwa wa gundi. Kila mmoja alidhani mwenzake amekwenda, na zamu yangu mimi niliisahau. Mlimau hufa kwa baridi, lakini hufa pia kwa kusahauliwa, hata katika nchi ya jua.

Basi, msomaji, utakapokata limau juu ya samaki wako, kumbuka kwamba mahali pengine limau moja kama lile lilikuwa na gharama ya usiku mzima wa macho. Kisha toka nje, ukautazame mti ulio nyuma ya nyumba, na kama udongo wake ni mkavu, upe maji.